Salamu ya Kidevu

"Naapa, Marquell, kwa kaburi la shangazi yangu mkubwa, sijamwambia mtu! Na wewe unajua nilivyompenda yule mama, ingawa pete yake alimwachia binamu."

"Apa kwa makaburi yote ya Alabama, dada," Marquell akajibu bila kugeuka, maana kambare walikwisha kuingia kwenye mafuta, na kambare hawangoji kesi iamuliwe. "Jina lililotajwa juzi mbele ya chuo kizima ni lako. Daktari Lunt alisimama pale jukwaani, mkono kifuani, akasema: namshukuru Lavonia Tubbs, aliyetufungulia moyo wake. Nilikuwepo. Nilikuwa nasinzia, lakini nilikuwepo."

"Ungekuwa husinzii ungesikia vizuri!"

"Lavonia Tubbs! Kwani wako wangapi kwenye theluji hii? Wewe umefungua moyo, tuliomwagika ni sisi."

Lavonia alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, na sakafuni mbele yake, juu ya mto, alikaa Rozelle Pettiford, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya mwenzake. Ilikuwa Jumapili, siku ya vichwa. Upande wa kulia wa Rozelle ulikwisha kusukwa mistari myembamba iliyonyooka. Upande wa kushoto nywele zilisimama kama zimeona jini. Na kila neno baya lililomtoka Marquell lilimwingia Lavonia masikioni, likashuka mikononi, likaishia kwenye utosi wa Rozelle. Alivutwa mpaka nyusi zikakaribia kukutana na kisogo. Hakusema aa. Msichana ambaye siku nyingine akiguswa tu na chanuo hupiga kelele kama aliyekanyagwa, leo alitulia tuli. Lavonia asingekuwa na hasira, angeshtuka.

Kwa maana aliyesema ni Rozelle.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hawakusema kwamba pengine unakuwa umekwisha kukisuka nusu kichwa.

Huyu Rozelle alitoka Shreveport, kusini kwenye joto, kwa bibi yake aliyemlea, Bi Ozella, akaenda Chuo cha Wexcombe kule juu Vermont, mahali ambapo theluji hupiga hodi mwezi wa kumi na haiagi mpaka wa tano. Watu wa huko ni weupe kiasi kwamba wakisimama mbele ya theluji huoni ila makoti. Mwaka mmoja darasa zima la historia lilipotea hivyo hivyo, likaonekana tena theluji ilipoyeyuka, bado wanabishana. Anayetaka kuamini na aamini. Aliyenisimulia alikuwa na homa, lakini si kali.

Siku ya kwanza Rozelle aliulizwa anacheza nafasi gani kwenye mpira wa kikapu. Rozelle mwenyewe ni mfupi, akisimama karibu na meza anatazamana na kopo la chumvi. Mama wa msichana waliyepangwa naye chumba kimoja alimshika mikono yote miwili, akamwambia kwa sauti ya msibani kwamba anajua jinsi alivyoteseka mpaka akafika hapa. Rozelle alikuja kwa ndege, akala karanga njiani. Mlinzi wa maktaba alimwomba kitambulisho alipoingia, akamwomba tena aliporudi kutoka msalani, na wazungu waliopita kati ya mara hizo mbili wangeweza kubeba maktaba mabegani asiwaulize. Darasani likitajwa neno utumwa, vichwa vyote vilimgeukia yeye, kwa upole, kama vile alikuwepo na ataeleza siku ile kulikuwa na jua au mvua. Likitajwa neno hesabu hakugeuka mtu, na hesabu ndiyo aliyokwenda kusoma.

Lakini kamera zilimpenda! Kwenye kijitabu cha chuo alikuwa ukurasa wa mbele akicheka na wazungu wawili asiowajua. Katikati alitazama chupa ya maabara ambayo ndani yake, nasikia, kulikuwa na chai. Na mwishoni alipiga makasia ziwani, mtoto ambaye maji yakimfika magotini humwita Yesu kwa jina na ukoo. Ukiwahesabu weusi kwenye kijitabu kile ungedhani ni Ghana. Ukiwahesabu kwenye bwalo la chakula ungeanza upya, ukidhani umeruka meza.

Na kama hiyo haitoshi, walimwita Lavonia. Lavonia Tubbs ni mrefu kama mlingoti, mweupe wa rangi ya siagi, anatoka Mobile, na sauti yake ikianza leo mwangwi unarudi kesho. Rozelle ni mweusi tii, ana miwani, anaongea kama anaomba radhi. Haikusaidia. Rozelle alisifiwa kwa nyimbo alizoimba Lavonia. Lavonia alikaripiwa kwa kuchelewa kwa Rozelle. Rozelle alipong'olewa jino, kliniki ilimpigia simu Lavonia kumuuliza shimo limezibaje, naye Lavonia, kwa uungwana wa kwao, akajibu linaendelea vizuri, asanteni, ila maji baridi bado haliyapendi. Walicheka jikoni wiki nzima. Mpaka Ijumaa hii lilikuwa jambo la kuchekesha.

Katika muhula wa kwanza Rozelle alifunga sanduku. Aliliburuta kwenye theluji kuelekea kituo cha basi, machozi yanamgandia kwenye miwani. Njiani akakutana na trekta la kusukuma theluji, na juu yake mzee mmoja mweusi mwenye kofia ya masikio, Mzee Cleophus Bragg, ambaye ameishi mji ule tangu theluji ikiwa bado changa. Hawakuwa wamewahi kuonana. Mzee akasimamisha trekta. Hakushuka, hakuuliza binti unalia nini. Aliinamisha kidevu chake kidogo tu, kama mtu anayeweka muhuri.

Rozelle akainamisha chake.

Basi. Hiyo ndiyo salamu. Weusi wawili wasiojuana wakikutana katikati ya weupe, kidevu kinashuka: nimekuona. Wakiwa wanajuana, kidevu kinapanda: bado upo? Hakuna anayekufundisha, unazaliwa unaikuta imo ndani ya nyumba, kama harufu ya bibi. Mzee akapangusa kioo akaendelea na kazi yake. Rozelle akageuza sanduku akarudi chumbani. Tangu siku hiyo hakuuliza tena kama anaweza kuishi pale. Kila siku alipita njia ya trekta, kidevu kikashuka, baadaye kikaanza kupanda, na ikamtosha kuvuka nayo siku.

Trekta lile ndilo lililomfikisha jikoni, maana kidevu kimoja humpeleka mtu kwa kingine. Jiko lenyewe liko chini kabisa ya Nyumba ya Weusi, chini ya ardhi, chini ya ngazi zinazolia. Huko Jumapili watu husukana, hukaanga kambare kwa unga wa mahindi, huchemsha sukuma na nyama iliyokaushwa kwa moshi, hucheza karata na kutukanana kwa mapenzi. Na lina sheria moja tu: yasemwayo jikoni, na yote ya ndani, hayapandi ngazi. Kulikuwa na kijana mmoja zamani aliyekwenda kuyasimulia kwenye gazeti la chuo. Hakupigwa. Siku ya pili tu hakukuwa na sahani yake, wala kiti, wala aliyemgawia karata. Alimaliza masomo anakula karoti mbichi kwenye bwalo la juu, na wanasema mpaka leo, ukimpa kambare, anauliza kama amepikwa bila mafuta.

Sasa, Rozelle alisemaje?

Chuo cha Wexcombe kina mama mmoja, Daktari Prudence Lunt, ambaye cheo chake ni Makamu wa Mkuu wa Chuo Anayeshughulikia Kujisikia Nyumbani. Ukiona nyumba imeajiri mtu wa kukwambia ujisikie nyumbani, jua wewe ni mgeni. Lakini si mtu mbaya, na hapo ndipo ugumu ulipo; mtu mbaya ungemkimbia mapema. Huyu aliwaita wanafunzi weusi mmoja mmoja kwenye Duara la Kujisikia Nyumbani. Duara la watu wawili, ndiyo. Kulikuwa na chai isiyo na sukari na biskuti zilizokauka kama hotuba. Wenzake Rozelle walipita hapo kama wanavyopita wote: unaulizwa unajisikiaje, unasema vizuri, asante, unakula biskuti moja ya heshima, unaondoka.

Rozelle naye alisema vizuri, asante. Alikwisha kushika begi. Ndipo Daktari Lunt akaanza kulia.

"Mimi nataka tu kujua," alisema yule mama, pua imekuwa nyekundu, "ni wapi hapa unajisikia nyumbani. Hata dakika moja. Hakuna anayeniambia!"

Hapo ndipo malezi ya Shreveport yalipomponza mtoto. Bi Ozella alimfundisha: mtu mzima akilia mbele yako usimwache mikono mitupu, mpe kitambaa, mpe maji, mpe kiti, mpe chochote. Rozelle alipapasa mfuko wa kulia, hakuna kitambaa. Wa kushoto, hakuna. Maji yako mbali. Biskuti ile ingemkaba. Akatazama huku na huku akitafuta cha kumpa yule mama anyamaze, na kitu pekee alichokuwa nacho, akampa.

Alimwambia habari ya kidevu.

Daktari Lunt aliacha kulia papo hapo. Alimshika mikono akasema, "Asante, Lavonia," na Rozelle, ambaye mwaka wa kwanza alikuwa akiwasahihisha na mwaka wa pili amechoka, akasema karibu.

Hazikupita siku nyingi, mabango. Kila ukuta, kila mti, kila mlango wa choo: INAMISHA KIDEVU! Wiki ya Kidevu ya Wexcombe. Na kidevu kilichochorwa pale kilikuwa cha Rozelle mwenyewe, kimekatwa kwenye ile picha ya makasia. Hakuna aliyekitambua, maana kidevu peke yake hakina jina, lakini yeye kila alikopita alijikuta anajitazama.

Waliletewa mtaalamu kwa ndege kutoka California. Mtaalamu aliwapanga wazungu kwenye ukumbi wa michezo, akawafundisha: chini, shikilia, pumua, rudi. Wanafunzi walifanya mazoezi mbele ya vioo. Profesa wa falsafa alikataa kuinamisha chochote kabla kidevu hakijafafanuliwa, wakamwacha ukumbini anakifafanua. Profesa wa Kilatini aliinamisha chake kwa moyo wote kwenye barafu, akateleza, akafika mlango wa maktaba kwa tumbo, na hata alipokuwa chini aliendelea kuinamisha kwa kila mweusi aliyemruka. Shingo ziliwakauka. Kliniki iliishiwa dawa ya kuchua, wakaagiza ya farasi. Mvulana mmoja kutoka Mumbai aliinamishiwa kidevu toka bwenini hadi darasani, akadhani kafiwa, akapiga simu kwao. Ikabidi iundwe kamati ndogo kuamua kama Wahindi wamo. Kamati bado inakaa.

Na mlinzi wa maktaba? Alihudhuria mafunzo yote, akapewa beji. Rozelle alipoingia, mlinzi aliinamisha kidevu, chini, akashikilia, akapumua, akarudi. Vizuri kabisa, mtaalamu angelia. Kisha akasema, "Kitambulisho, tafadhali."

Marquell alisumbuliwa kuliko wote, kwa kuwa ni mrefu na anaonekana mbali. Kati ya kitanda na kifungua kinywa alipewa videvu vingi hivi kwamba alipofika mayai yalikuwa yamekwisha kuwa vifaranga. Akaanza kutembea amejifunika kofia ya sweta apite bila kujulikana. Mlinzi akapigiwa simu: kuna mtu mweusi amejifunika kofia. Mlinzi akaja mbio, akamkuta, akamwinamishia kidevu, akamtaka kitambulisho.

Ya kucheka yaliishia hapo. Weusi wenyewe waliacha kusalimiana. Utainamishaje kidevu, wakati kimekuwa kama namna ya kusema tumeelewana na kamati? Walipitana njiani wanatazama viatu. Na Mzee Bragg, ambaye naye alipata videvu kutoka kwa kila kijana wa kizungu aliyekuwa akivuka barabara, alishusha kofia mpaka kwenye nyusi akaziba dirisha la upande na gazeti. Rozelle alisimama pale pale pa siku zote. Trekta likaja. Trekta likapita. Mzee hakutazama pembeni.

Jioni ile Rozelle alivuta sanduku kutoka chini ya kitanda.

Na sasa ni Jumapili, siku mbili baada ya lile jina kutajwa jukwaani, na jikoni kambare wanalia kwenye mafuta, na magoti ya Lavonia yanabana kwa hasira kila upande wa masikio ya Rozelle. Waliokuwa mezani waliweka karata kifudifudi. Hiyo peke yake ilikuwa hukumu. Pale jikoni hata habari ya tetemeko haijawahi kusimamisha karata.

"Mimi nimewasuka nyote," Lavonia alisema, na ile sauti kubwa ilikuwa imepasuka katikati. "Kichwa gani hapa hakijapita kwenye magoti haya? Wewe Marquell, na kisogo chako kile kama ubao wa kufulia, nani alikificha siku ya picha?"

Marquell akatoa kambare mmoja, akamweka kwenye karatasi, akazima jiko. Alipogeuka hakuwa na mzaha tena usoni.

"Nisikilize, Lavonia. Kidevu kile mimi nilipewa na babu yangu kwenye kituo cha mafuta huko Tuscaloosa. Nilikuwa na miaka sita. Alimwinamishia mzee mmoja asiyemjua, tena mbele ya mzungu aliyekuwa anamfokea, na mimi nikaona babu yangu amerudi kuwa mrefu. Sikupewa na kamati. Kitu pekee hapa ambacho hawakuwa wamekipiga picha. Sasa kiko kwenye mlango wa choo. Wewe unajua sheria ya jiko. Chanuo liache hapo mezani."

Lavonia aliachia nywele za Rozelle. Rozelle alisikia vile vidole vinaondoka kichwani mwake, kimoja kimoja, na upande wake wa kushoto ukapata baridi.

Akawaza, nikinyamaza hivi hivi nitakaa hapa Jumapili zote, nile kambare, nigawiwe karata, na kichwa changu hakuna atakayekisuka ila mimi, kwa kuwa anayejua kusuka nimemfukuza. Na nikisema, hakuna hata huku kukaa. Chumba kingine hana katika chuo kizima. Juu ni theluji, na kidevu chake kwenye milango.

"Ni mimi," alisema.

"Nyamaza, mtoto, usinitetee," Lavonia akamwambia, akifuta pua. "Huyu hata mende akimuua anamwomba msamaha."

"Si kutetea. Ni mimi, dada Lavonia. Nilimwambia mimi."

"Ulimwambia nani nini?" Marquell akauliza. "Wewe? Mwaka mzima sijakusikia ukimaliza sentensi."

"Alilia," Rozelle akasema. Sasa alikuwa anaongea na magoti yake mwenyewe. "Alianza kulia na sikuwa na kitambaa."

Mafuta yalikuwa bado yanatoa povu dogo pembeni ya sufuria.

"Hukuwa na kitambaa," Marquell akarudia taratibu, kama anamsomea kiziwi. "Kwa hiyo ukampa babu yangu?"

"Nilifikiri atafuta machozi tu. Sikujua ataandika mabango."

Lavonia, mlingoti ule, alikuwa anapiga hesabu. "Ngoja kwanza. Alipokuaga alisemaje?"

"Alisema asante."

"Asante nani?"

Rozelle hakuinua uso. "Asante, Lavonia."

"Na wewe ukasema?"

"Karibu."

"Ukasema karibu! Na jina langu likaenda zake limevaa kosa lako!"

"Nimechoka kuwasahihisha! Na wewe je? Jino langu si uliliuguza kwenye simu?"

Mmoja wa wacheza karata akatoa sauti kama ya mtu anayepiga chafya, Marquell akamtazama, yule akajuta.

"Inuka," Lavonia akasema.

Rozelle akainuka. Hebu mwone: upande mmoja bibi harusi, upande mwingine amenusurika kwenye dhoruba. Miwani imepinda kwa kuvutwa.

"Tangu Ijumaa watu wananipa kisogo," Lavonia alisema, naye alikuwa amesimama, kichwa kinagusa bomba la maji. "Tangu Ijumaa! Jana nimekula peke yangu, mimi Lavonia, na mimi kula peke yangu sijui, nilikuwa najisimulia mwenyewe. Na wewe umekuja leo umeketi hapa, umeniletea kichwa chako, ukaniacha nikupake mafuta."

"Najua."

"Nikakupulizia na kipele cha kisogo!"

"Najua, dada. Ndiyo maana nimesema." Rozelle aliokota kofia yake ya sufi, akaipindua mikononi, akaona haitaingia upande wa kushoto. "Sanduku limefungwa. Kuna basi kesho asubuhi."

"Utapanda basi mpaka Shreveport na kichwa hicho?" Marquell aliuliza, na hata yeye alishindwa kujua kama ni tusi au ni huruma.

"Bi Ozella atamalizia."

"Bi Ozella hawezi kuendeleza mistari yangu," Lavonia akafoka. "Mistari yangu haiendelezwi na mtu! Utapanda kwenye basi unatangaza kwamba Lavonia Tubbs husuka nusu? Hilo nalo unataka liwe jina langu?"

"Basi nifanyeje?"

"Usiniulize mimi ufanyeje! Ulipokuwa unagawa videvu vya watu uliniuliza? Mimi nakwambia hivi, Rozelle Pettiford, na usikie vizuri, kwa sababu nikimaliza kusema sitakuwa na neno lingine na wewe mpaka siku ya—"

Ngazi zikalia.

Wote wakanyamaza, maana mguu ule haukuwa wa kwao. Watu wa pale hushuka kwa soksi, kwa ndala, kwa mabuti ya theluji. Viatu hivi viligonga kila kipandio kama vinabisha hodi kwa kila kimoja. Mlango ukafunguka bila kupigwa hodi yoyote.

Alikuwa Daktari Lunt. Mikononi alibeba keki, na juu ya keki kwa sukari ya kahawia walikuwa wamechora kidevu. Nyuma yake, akigongana na fremu, mpiga picha wa chuo na taa yake. Yule mama alisimama hapo, mashavu mekundu kwa baridi na kwa furaha, akanusa kambare, akatazama sura moja baada ya nyingine, akainua kidevu chake juu, juu kabisa, kama mtu aliyelelewa nao kibaraza kimoja. Kisha akamfungulia Rozelle mikono, keki ikainama.

"Lavonia!"

Marquell alifunga mdomo, akawasha jiko upya, akawapa mgongo. Mezani mtu alichukua karata, akaanza kugawa, na sehemu ya Rozelle ikawekwa pale pale inapowekwa kila Jumapili.

Lavonia Tubbs, yule mwenyewe, alirudi kwenye kiti chake. Alinyoosha mkono mmoja mrefu, akamshika Rozelle sweta kiunoni, akamketisha kwenye mto kwa nguvu mpaka vumbi likatoka. Magoti yakafunga. Chanuo likatafuta njia upande wa kushoto, likaipata, vidole vikashika nywele vikavuta.

Rozelle akapiga kelele kama aliyekanyagwa.